Mbuzi wa Jumamosi ya Mwisho

Mwanamke aliyezoea kupikia watu hajui kupunguza sufuria. Tangu mumewe Bahizire azikwe, Ernestine alipika kila jioni katika nyumba yake ya kupanga huko Maplewood, Amerika, kana kwamba kuna mtu angebisha hodi, na asubuhi alibeba mabaki mpaka hospitalini alikofanya kazi ya usafi, akawagawia wenzake. Walimsifu kwa ukarimu. Naye aliziacha sifa zile zipite, kwa maana upweke ni kitu cha aibu kukitaja mbele za watu.

Jumamosi tu ndiyo siku sufuria zake zilipomalizika. Tangu theluji inapoyeyuka mpaka majani yanapogeuka mekundu, kila Jumamosi alikuwa mpishi katika uwanja wa mbio za magari wa akina Ekdahl, mashambani kupita Anoka. Ulikuwa mviringo wa udongo wa mfinyanzi, jukwaa la mbao upande mmoja, mnara wa mtangazaji upande wa pili. Magari yaliyoshindana pale yalikuwa magari makuukuu yaliyong'olewa vioo na viti, yakafungwa vyuma ndani, yakapakwa namba ubavuni, na madereva wake walikuwa mafundi bomba na wafuga ng'ombe wa hapohapo. Bahizire aliendesha greda ya kusawazisha udongo wa uwanja huo mpaka figo zilipomshinda. Alipokufa, Mama Ardis, bibi mwenye uwanja, alimwambia mjane wake, "Jikoni pana nafasi."

Leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Si ya mwaka huo wa 2016 peke yake, ya mwisho kabisa. Uwanja ulikuwa umeshauzwa. Theluji ijayo ikiyeyuka, pale pangechimbwa misingi ya nyumba za watu.

Lakini si hilo lililomfanya Ernestine ajikate kidole kabla ya adhuhuri. Leo Jairus alikuwa azungumze na ndugu wa marehemu mumewe.

Kupitia dirisha la jikoni alimwona Jairus akizungusha gari la maji polepole, akiulowesha udongo ili vumbi lisiwafunike watu jioni. Alikuwa mtu wa Fizi, upande mwingine wa nchi yao, mrefu, mkimya, ambaye ujana wake uliliwa na kambi ya wakimbizi akaja Amerika bila mke wala mtoto. Bahizire ndiye aliyemfundisha kazi na kumleta nyumbani kula. Na mwaka huu, siku moja ambayo mvua ilivunja mashindano na watu wote wakaondoka, Jairus alisimama mlangoni mwa jikoni, maji yakimtiririka, akasema, "Ernestine, kuna uwanja huko Iowa umeniita. Sitaki kwenda peke yangu."

Hakumjibu. Angemjibuje? Katika ukoo wa Bahizire mjane hafunguliwi na miaka, hufunguliwa na watu. Ndugu wa marehemu husimama mbele ya watu, hulitaja jina la aliyekufa, huchinja mbuzi na kuwalisha, na hapo matanga yameondoka. Kabla ya hapo mjane hufunga kitambaa cheusi kichwani, haposwi, na harusini hukaa karibu na mlango. Bahizire alikuwa na ndugu mmoja tu upande huu wa dunia, Callixte, mzee wa kanisa, aliyeishi Apple Valley kusini ya mto. Kila alipoombwa aondoe matanga, Callixte alijibu neno lilelile: "Bado."

"Unavikata hivyo vitunguu kama vimekukosea," alisema Mama Ardis.

Bibi huyo alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, akimenya viazi. Kiingereza cha Ernestine kilikuwa cha kazini, lakini kwa wao wawili kilitosha.

"Vimenikosea," Ernestine alisema. "Vinanitoa machozi na sijavifanya kitu."

"Basi lete nikusaidie kulia. Leo nina sababu." Ardis alitazama jukwaa ambalo lilikuwa bado tupu. "Unajua uwanja huu ulianzaje?"

Ernestine alijua, alishasikia mara nyingi. Lakini mtu anayezika hahesabiwi maneno. "Niambie."

"Baba mkwe wangu alilima viazi. Mwaka mmoja mvua ikamwozeshea shamba zima. Akalikasirikia. Akawaita vijana wenye magari mabovu, akawaambia, zungukeni humo ndani mpaka shamba likome. Watu wakaja kutazama. Juma lililofuata wakaja zaidi, na mama mkwe wangu akaja na kahawa na maandazi ya tufaha nyuma ya gari. Hakupandwa kiazi tena."

"Shamba likakoma."

"Likakoma kabisa." Bibi alicheka kidogo. "Mchanga ulikuwa unameza magurudumu, wakasomba udongo wa mfinyanzi kando ya mto, majira mazima ya joto, kwa koleo. Mbao za jukwaa walizipata kanisa moja la mjini lilipobomolewa. Ndiyo maana migongo ya viti ina vijisanduku vya vitabu vya nyimbo."

Hilo Ernestine alilipenda siku zote. Kulikuwa na jambo la kumfariji katika watu waliokaa kwenye viti vya ibada, wakila soseji.

"Halafu mume wangu Vernon na mdogo wake wakagombana," Ardis aliendelea. "Mmoja alitaka kutia lami, mwingine akasema udongo ni udongo. Wakanuniana miaka. Vernon yuko juu mnarani, mdogo wake yuko kwenye greda. Sasa wakitaka kuambiana jambo, wanaambiana kwa kipaza sauti, jukwaa zima linasikia. 'Mwambieni huyo wa greda mama anamwita.' Watu walikuwa wanalipa kiingilio kwa ajili ya hilo, si kwa ajili ya magari."

Wakacheka wote wawili. Kisha kisu cha Ardis kikapunguza mwendo.

"Baba mkwe alipokufa, wakasema tunyamaze dakika moja. Mama mkwe akakataa. Akasema, huyu mtu hakuwahi kunyamaza dakika moja akiwa hai. Washeni magari yote, yazunguke polepole. Tangu siku hiyo tunafanya hivyo kila Jumamosi ya mwisho. Aliyefiwa na mtu wa uwanja analipeleka jina mnarani, linatajwa, naye anasimama kwenye mstari wa kumalizia. Baadaye anawalisha wafanyakazi." Akamtazama Ernestine. "Wewe hukuwahi kulipeleka jina la Bahizire."

"Si langu kulipeleka, mama. Kwetu ni la kaka yake."

Ardis alitupa jicho kuelekea mnarani. Akachukua kiazi kingine ingawa alichokuwa nacho hakijaisha.

"Vernon alipokufa," akasema baadaye kidogo, "nilijiambia, nina uwanja, mwenye uwanja hakosi kelele, na penye kelele hakuna upweke. Nilijidanganya. Kelele zinaondoka na taa zikizimwa, na wewe unabaki na funguo."

Ernestine aliacha vitunguu vyake. Alimsogelea tu, akakaa karibu, wakamenya viazi bega kwa bega kama watu wa familia moja.

Mlio wa gari la maji ukakatika. Hatua za buti nzito zikaja mpaka dirishani, na Jairus akaegemeza kiwiko kwenye ubao wa kuuzia chakula. Tope lilikuwa limempanda mpaka magotini.

"Mama Ernestine. Habari ya jikoni?"

"Jikoni hapajambo. Habari ya mbwa aliyeangukia matopeni?"

"Mbwa yuko salama. Anaomba chai."

Alimmiminia. Alikishika kikombe kwa kishikio chake ili vidole vyao visikutane, na Jairus akakipokea kwa mikono miwili, taratibu, macho yasimwondoke. Alikuwa na macho ya mtu anayesoma kwa shida, asiyetaka kuruka neno. Ernestine akainamisha uso kwenye vitunguu.

"Nikuwekee soseji?"

"Leo hapana. Leo nitakula changu."

"Chako kipi? Tangu lini weye unapika?"

"Bon, haya, utaona." Alikuwa anajizuia kutabasamu, na hilo lilimtia Ernestine wasiwasi kuliko kama angekunja uso.

Ernestine akashusha sauti, ingawa Mama Ardis hakujua Kiswahili chao. "Jairus. Utaanzia wapi na shemeji?"

"Nitaanzia kwa Bahizire."

"Maana yake nini?"

"Ernestine, huu udongo nimeumwagilia miaka. Ukiumwagia maji mengi kwa haraka, yanapita juu, chini panabaki jiwe. Ukienda polepole, unalainika wenyewe."

"Callixte si udongo."

"Kila mtu ni udongo, kwa Mungu imeandikwa." Akamaliza chai. "Nimemwita aje. Akija mkaribishe vizuri. Hayo mengine niachie."

"Nakuachia," Ernestine alisema, na papo hapo akatamani kuyarudisha maneno yake, hakujua kwa nini.

Jairus alirudisha kikombe. Hakuondoka. "Jana nimeota uko Iowa," akasema. "Umesimama mlangoni unanigombeza kwa sababu ya viatu."

"Viatu vyenyewe umeviona?"

"Nimeviona."

"Basi si ndoto." Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, alimtazama machoni, akamwacha aone kila kitu. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Mjane mwenye kitambaa cheusi hana ruhusa ya zaidi ya hapo.

Callixte alifika watu walipoanza kujaa jukwaani. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai, na viatu vyake vyeusi vilishika vumbi kabla hajafika jikoni. Begani alibeba mfuko wa unga wa muhogo.

"Shemeji, Bwana asifiwe."

"Amina, shemeji. Karibu. Umetoka mbali."

"Nimekuletea unga. Huku kwenu unauzwa mbaya." Aliuweka chini. Macho yake yakapanda mpaka kitambaa cheusi, yakatulia pale, yakaridhika. "Nzuri. Mungu anaona."

"Mama yenu huko Kabare anaendeleaje?"

"Anasikia vibaya siku hizi. Nikipiga simu ananiita Bahizire. Namwitikia." Alisema hivyo kama anayeeleza hali ya hewa. "Huyu Jairus amenipigia, ati kuna jambo la ndugu yangu hapa. Unalijua?"

"Silijui, shemeji."

Alikuwa anasema kweli. Alilolijua lilikuwa la posa, si la Bahizire.

Callixte alitoka nje. Ernestine akamwona akielekea ilipoegeshwa greda ya manjano, ile aliyoiendesha Bahizire. Alisimama kando yake mikono nyuma. Halafu, akidhani hakuna anayemtazama, akanyoosha mkono, akaugusa usukani kwa ncha za vidole kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Jua lilikuwa bado juu ya miti magari yalipoanza kuingia. Yaliingia yote kwa pamoja, bila kushindana, yakazunguka taratibu kwa mkono wa kushoto, injini zikikoroma chini kwa chini. Jukwaani watu walisimama, wakavua kofia. Mtangazaji akaanza kusoma majina ya waliotangulia. Ernestine alikuwa anageuza vitunguu katika mafuta. Alikuwa akisikiliza bila kusikiliza, kama mtu asikilizavyo matangazo ya msibani kwa wengine.

"Na jina hili," mtangazaji alisema, sauti ikijaa anga lote, "naomba mnivumilie. Ba... Bahi... Bahizire." Akarudia, safari hii vizuri. "Bahizire, wa greda. Jina limeletwa na rafiki yake, Jairus, wa gari la maji. Na anasema wafanyakazi na madereva wote wamekaribishwa nyuma ya karakana. Kuna mbuzi."

Kijiko kilimtoka Ernestine mkononi kikaingia kwenye mafuta.

"Mama Ardis," alisema bila kugeuka. "Ulijua?"

"Aliniomba nisikuambie. Alisema ni zawadi." Sauti ya bibi ilikuwa ndogo. "Uliposema ni la kaka yake, nikadhani wameelewana. Ernestine, tumefanya vibaya?"

Lakini Ernestine alishatoka.

Pale kwenye mstari wa kumalizia Jairus alikuwa amesimama peke yake, kofia kifuani, tope kwenye buti, magari yakipita mbele yake moja baada ya jingine. Alikuwa analia waziwazi. Na ingawa alikuwa na hofu, Ernestine alimpenda pale kuliko alivyowahi kumpenda, kwa sababu katika nchi hii yote hakuwahi kumwona mtu mwingine akimlilia mume wake hadharani.

Alipopenya umati mpaka nyuma ya karakana, Jairus alikuwa ameshamtangulia, na nyama ilikuwa imeshaiva juu ya wavu. Madereva wa kwanza kushuka, wenye ovaroli, walikuwa wanakula kwa vidole, wakisifu, wakiuliza pilipili gani imetiwa. Jairus alikuwa amekata ini na kipande cha kifua, akaviweka kwenye sahani safi, na sasa alikuwa amemwinamia Callixte, akimpa kwa mikono miwili.

Callixte hakuipokea.

"Nani amekutuma?" aliuliza kwa upole.

"Hakuna aliyenituma, baba. Nimeona Bahizire hajakumbukwa hapa kwake. Uwanja unafungwa. Nikasema asifungiwe nje."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ni heshima. Kwetu Fizi ndugu wanalia, rafiki anapika. Rafiki ndiye anayefunga kilio." Jairus alikuwa bado ameinama, sahani mkononi. "Nilitaka tule kwanza. Halafu nikae chini yako, nikuombe jambo."

"Kwenu Fizi," Callixte alisema.

"Ndiyo."

"Sisi si watu wa Fizi. Kwetu anayelitaja jina mbele ya watu na kuchinja mbuzi ni mtoto wa tumbo moja na marehemu. Hakuna mwingine. Shemeji, hukumwambia?"

Ernestine alikuwa amefika, akihema. "Sikujua anachofanya. Ningejua ningemzuia kwa mikono yangu."

Jairus aligeuka, akamtazama. Akauona uso wake, na sahani ikaanza kushuka taratibu.

"Ulitaka kuniomba nini?" Callixte aliuliza. "Sema. Nimekuja kutoka ng'ambo ya mto, usinirudishe na nusu."

"Nilitaka kumwoa Mama Ernestine."

Mmoja wa madereva aliangua kicheko cha mambo yake mwenyewe huko pembeni. Callixte alingoja kiishe.

"Nilidhani hivyo," akasema. "Bon. Sikiliza. Kuna njia mbili tu. Ya kwanza, ulichofanya ni mchezo. Umelitaja jina la ndugu yangu bure, hiyo ni nyama tu, na huyu mama anabaki na kitambaa chake mpaka siku tutakayofika Kabare mbele ya mama yetu. Ya pili, umefanya kweli. Basi mimi nitapokea hiyo sahani, na matanga yameondoka leo. Lakini hapo weye ni mtoto wa baba yangu, na mtoto wa baba yangu hamwoi mke wa ndugu yake. Zamani tulirithi wajane. Kanisa limetutoa huko, na mimi ndiye niliyesimama kanisani kulifundisha jambo hilo. Sitageuka kwa sababu ya mtu."

"Shemeji," Ernestine alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Miaka yote hii nakungoja. Kwa nini hukuondoa wewe? Ungeondoa wewe, leo asingekosea mtu."

Callixte alitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi. Alipoinua uso, hakuwa mzee wa kanisa tena, alikuwa mtu mnene mwenye tai, aliyechoka.

"Ukivua hicho kitambaa utaondoka," alisema. "Ni haki yako. Utaolewa, utakwenda. Na mimi nikitaka kuongea habari za Bahizire, nitamwambia nani? Watoto wangu wananijibu Kiingereza. Hawamkumbuki. Wewe peke yako ndiye ninayekuja kwako nikamkuta."

Magari yalikuwa yakitoka uwanjani, injini zikizimwa moja moja, na kimya kikaja kipande kipande.

Ernestine aliamua upesi. Alimkaribia Jairus mpaka akanusa moshi wa kuni kwenye shati lake. "Sema ni mchezo," alimnong'oneza. "Nitakaa na kitambaa. Nimeshazoea, hakinielemei. Wewe nenda Iowa, mimi nitangoja, siku moja tutafika Kabare. Sema tu. Ni neno moja."

"Kabare kuna njia?" Jairus aliuliza.

"Mungu atafungua."

"Na mama yao, Callixte aliniambia kwenye simu, anamwita kwa jina la aliyekufa." Jairus alitikisa kichwa polepole. "Utangoja mpaka lini? Kila Jumamosi nakuona dirishani unalisha watu wote wa dunia, wewe mwenyewe unakula umesimama. Mimi ndiye nikufungie mlango tena, halafu niende zangu?"

"Nimekuomba mimi. Hujanifungia."

"Ernestine." Alisema jina lake bila 'mama' mbele, na wote wawili walijua ni kwa mara ya mwisho. "Nilipofika hapa sikujua hata kuiwasha greda. Alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akasimama nje kwenye baridi ananionyesha kwa mikono. Sasa hivi jina lake limesikika mpaka barabarani. Nitasemaje lilikuwa mchezo?"

Hapo Ernestine akajua Jairus hatalisema neno lile. Angekuwa mtu wa kulisema, asingekuwa yeye aliyempenda. Aliliona hilo wazi, na halikumsaidia chochote.

Jairus akamgeukia Callixte. Akainama tena, sahani mikononi, chini kuliko mara ya kwanza.

"Nimefanya kweli," akasema.

Callixte alimtazama sana. Kisha akapokea. Akachukua kipande cha ini, akakitia mdomoni, akatafuna, na machozi yakamshuka kwenye mashavu mpaka kwenye kola ya shati jeupe. "Ndugu yangu," alisema kwa shida, na haikujulikana anamwambia yupi. Alipomaliza kumeza, akajifuta kwa leso. "Haijaisha. Aliyeondoa matanga ndiye anayefungua kitambaa."

"Shemeji, nitakivua mwenyewe," Ernestine alisema.

"Hapana. Kama tumefanya, tufanye kwa utaratibu."

Basi Ernestine akawapa mgongo, akatazama ukuta wa bati wa karakana. Akamsikia Jairus akiosha mikono kwenye ndoo, akiisugua sana, kisha akija. Vidole vilimgusa nyuma ya shingo, vikiwa na baridi ya maji. Kwa muda wote waliofahamiana hakuwahi kumgusa. Fundo lilikuwa la zamani, limekazwa na jasho na sabuni, na Jairus hakulivuta. Alilifungua polepole, uzi kwa uzi, kama mtu anayeomba lisifunguke, na pumzi yake ilimfikia Ernestine sikioni, fupi fupi. Ernestine alifumba macho.

Kitambaa kikalegea. Upepo wa jioni ukampiga kwenye nywele, akahisi kichwa chake kimekuwa chepesi kama cha mgonjwa aliyeamka leo.

"Mshukuru," Callixte alisema nyuma yao. Hakusema kwa ukatili. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na mtu anayezama hushika alichonacho. "Mshukuru kwa jina lake jipya, watu wasikie."

Mnarani mtangazaji aliwasha kipaza sauti. Udongo umeanza kukauka, alisema, wa gari la maji anahitajika uwanjani kabla ya mbio ya kwanza. Wafanyakazi waliokuwa wakila waligeuka wakamtafuta Jairus kwa macho.

Ernestine naye aligeuka. Jairus alikuwa amekishika kitambaa cheusi kwa mikono miwili, hajui akiweke wapi. Ernestine alimtazama uso wote, paji, macho, tope lililokauka shavuni, akimaliza kumtazama kama vile mtu amalizavyo kazi ambayo hatarudi kuifanya. Kisha akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake zamani, akatoa mkono.

"Asante, shemeji," akasema.

Jairus alichelewa. Watu walikuwa wanangoja, Callixte alikuwa anangoja, na jina la Bahizire lilikuwa bado linaning'inia juu ya uwanja ule.

Akaupokea mkono wake. Akaitika, "Shemeji."